Muulize Fundi wa Kamera: Mbona tundu la lenzi bado ni la chuma?

Toleo lililopita niliandika, kwa sentensi moja tu tena ya kupita, kwamba sioni dalili ya vibati vya apacha kuondoka ndani ya lenzi za maana hivi karibuni na kupisha kioo cha umeme. Sentensi hiyo imeniletea barua nyingi kuliko makala yote yaliyobaki. Wapo walioniita mzee wa enzi za filamu, na wapo waliouliza maswali ya kweli. Leo nawajibu hao wa pili.

Kwa wageni wa safu hii: apacha ni lile tundu la katikati ya lenzi linalofunguka na kufunga. Hutengenezwa kwa vibati vyembamba vilivyopandana, kwa kawaida kati ya vitano na kumi na moja. Ukienda kutoka f/2 hadi f/2.8 umepunguza mwanga kwa nusu, f/4 nusu tena, na kuendelea. Kila hatua ya namna hiyo tunaiita stopu.

*

Shikamoo Fundi. Kazi yangu ni kuchomelea vyuma, picha napiga kwa kupenda tu. Kofia yangu ya kazi ina kioo kinachojitia giza chenyewe moto unapowaka, na hakuna kitu ndani yake kinachosogea. Kwa nini lenzi isiwekewe kioo cha aina hiyo, tuachane na vibati vinavyoshika mafuta na kukwama? — Mchomeleaji

Marahaba. Vibati vilivyoshika mafuta ndivyo vinavyonilisha, kwa hiyo usidhani navitetea kwa mapenzi. Lakini kofia yako yenyewe ina jibu.

Ivae bila kuwasha moto, uangalie chumba. Unaona, ila kila kitu ni cha kijani na kimefifia. Kioo hicho hata kikiwa "wazi" kina giza la namba 3 au 4. Namba 3 hupitisha takriban asilimia 14 ya mwanga, namba 4 kama asilimia 5. Ukikiweka ndani ya lenzi, umepoteza karibu stopu tatu au zaidi kabla hujabonyeza chochote. Ni kweli kwamba sehemu ya giza hilo ipo kukulinda na miale inayodhuru macho, na kamera ingeweza kuiacha. Sehemu iliyobaki haiachiki, na hapo ndipo penye kazi.

Fuwele za kimiminika, zilizo ndani ya kioo chako na ndani ya skrini ya kikokotoo, hazizuii mwanga. Zenyewe zinageuza tu upande ambao mwanga unatetemea. Wazuiaji ni karatasi mbili za polaraiza, moja mbele na moja nyuma. Mwanga wa kawaida unatetemea pande zote, na polaraiza ya kwanza hukubali upande mmoja tu. Nusu ya mwanga inakufa hapo, kwa sheria ya maumbile wala si kwa uzembe wa kiwanda, na karatasi halisi zinakula zaidi ya nusu.

Chukua lenzi ya milimita 50 yenye f/1.4. Tundu lake ukilitazama kwa mbele lina upana wa kama milimita 36. Glasi zote zile nene na nzito zipo kwa ajili ya upana huo. Weka polaraiza ndani na mwanga unaofika kwenye sensa, kile kipande kinachonasa picha, ni wa f/2 au chini yake, yaani wa tundu la milimita 25. Kina cha fokasi, yaani eneo la mbele hadi nyuma linalotoka kali pichani, lakini kinabaki kile kile chembamba cha f/1.4, kwa sababu tundu halijapungua upana, limetiwa giza tu. Unabeba uzito wa lenzi kubwa, unahangaika kulenga jicho kama mwenye lenzi kubwa, na gizani unapata mwanga wa lenzi ndogo.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka kwa watengenezaji wenyewe. Sony wana kamera za video zenye filta ya kijivu ya umeme, mfano FX6 ya mwaka 2020. Ni kifaa kizuri sana, unageuza gurudumu na picha inafifia taratibu bila hatua. Kiwango chake kinaanzia robo ya mwanga hadi sehemu moja ya 128. Umeona kinapoanzia? Kwenye robo. Ukitaka mwanga wote, kamera inakisogeza kile kioo chote kando, kwa mota, mpaka kitoke njiani. Waliobobea katika teknolojia hiyo nao wamelazimika kuweka kitu kinachosogea ili pabaki hewa tupu. Na hiyo ni filta ya kupunguza mwanga, wala si apacha. Haigusi kina cha fokasi.

Vibati vya chuma vina ubora mmoja ambao sijaona kifaa cha umeme kikiufikia: palipofunguka pana hewa, palipofungwa pana chuma. Kila mbadala wa umeme ninaoujua unaweka kitu mahali pa hewa, na kitu kinachovuja mahali pa chuma.

*

Fundi, mimi ni mwanafunzi wa fizikia. Umetaja kuvuja. Fuwele za kimiminika zina uwiano wa 1000 kwa 1 kati ya weupe na weusi wake. Sehemu moja ya elfu ni kitu gani? Hata jicho halioni. — Msomaji mwenye mashaka

Mashaka ni dawa, na hesabu hii utaipenda. Tuchukue lenzi ya f/2 na tuifunge hadi f/16. Hesabu stopu: 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Ni sita. Maana yake eneo lililobaki wazi ni sehemu moja tu kati ya 64, na sehemu 63 zimefunikwa.

Sasa kila moja ya zile 63 inavujisha elfu moja ya mwanga wake. Jumlisha: 63 kwa elfu, ukilinganisha na tundu lenyewe, ambalo ni 1. Ni karibu asilimia 6 ya picha yako inayopitia mahali ulipodhani umefunga. Kosa la hesabu ya wengi ni kulinganisha nukta moja nyeusi na nukta moja nyeupe, wakati weusi wa apacha iliyofungwa una eneo kubwa mara nyingi kuliko weupe wake.

Na hiyo elfu moja ni ya mwanga unaopita kioo moja kwa moja kwa unyoofu. Fuwele hizi zinajulikana kwa kuchagua pembe. Angalia skrini ya bei ya chini kwa upande uone weusi unavyogeuka kijivu. Mwanga unaokwenda kwenye pembe za picha hupita apacha kwa mshazari, si kwa unyoofu. Uwiano ukishuka huko hadi 100 kwa 1, kuvuja kunafika asilimia 63 ya mwanga halali. Katikati ya picha una f/16, pembeni una mchanganyiko usio na jina.

Utaona nini kwenye picha? Si ukungu wa sawasawa, ambao ungeweza kuuondoa kwenye kompyuta. Ule mwanga uliovuja umepita ukingoni mwa lenzi kama vile lenzi iko wazi kabisa, ukiwa na kasoro zote za f/2. Chukua taa ya mbali iliyo nje ya fokasi. Tundu halali linaichora kama duara dogo linalong'aa. Kuvuja kunaichora tena juu yake, duara hafifu lenye kipenyo mara nane ya lile la kwanza. Taa ikiwa na mwanga mara maelfu ya giza linaloizunguka, duara hilo "hafifu" linaonekana waziwazi. Unapata picha mbili, moja ya f/16 na moja ya f/2, zimebandikwa pamoja. Ulifunga lenzi ili upate ukali wa mbele hadi nyuma, na sasa nyuma kuna kivuli cha ukungu kisichotoka.

Kwa kuwa unasoma fizikia, nakuongezea jingine. Kama kioo hicho kimegawanywa kwa pikseli ili uchore tundu la umbo lolote, kati ya pikseli na pikseli pana vipande visivyopitisha mwanga, na hapo umetengeneza wavu. Mwanga ukipita kwenye wavu unajigawa. Tuseme nafasi za wavu ni milimita 0.1 na mwanga ni wa kijani, nanomita 550. Pembe ya nakala ya kwanza ya taa ni radiani 0.0055, kwa lenzi ya milimita 50 hiyo ni kama robo milimita kwenye sensa. Pikseli za sensa zikiwa na upana wa milimita 0.005, kila taa itazaa vivuli vyake umbali wa pikseli hamsini hivi, kushoto, kulia, juu na chini. Apacha ya chuma nayo huchora nyota kwenye taa, lakini ile ni mistari inayotoka kwenye taa yenyewe. Hii ni taa bandia penye giza.

Unaweza kuepa wavu kwa kutumia pete badala ya pikseli. Sawa, lakini kila pete inahitaji njia ya umeme, kati ya pete na pete pana ufa, na stopu zako zinakuwa idadi ya pete ulizonazo.

Usidhani nasema ni takataka. Kwenye maabara kioo cha namna hii ni dhahabu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Taiwan walionyesha kamera yenye apacha ya kuprogramu, inayobadilisha umbo la tundu kati ya picha na picha ili kukusanya mwanga wa pande tofauti kisha kulenga upya baadaye. Toleo moja lilitumia fuwele za kimiminika. Toleo jingine, nalipenda hili, lilitumia ukanda wa karatasi uliotobolewa, unaosogezwa mbele ya tundu. Karatasi! Ndugu yake wa damu ni kile kibati chenye tundu ambacho John Waterhouse alikibuni mwaka 1858.

*

Fundi habari. Napiga video za harusi. Lenzi yangu ikibadilisha apacha, mwanga unaruka kwa hatua na maikrofoni inanasa sauti ya tik-tik. Je, hapo umeme usingekuwa bora? — Mtu wa video

Hapo ungekuwa bora, nakubali bila kinyongo. Kufifisha taratibu bila sauti ndiyo kazi ambayo kioo cha umeme kinaiweza. Ila angalia bei yake isiyo ya fedha: tayari una polaraiza ndani ya kamera, daima, tena imeelekea upande mmoja. Ukilaza kamera na kuisimamisha, mng'ao wa maji na vioo unabadilika. Anga ya bluu kwenye lenzi pana inakuwa na doa jeusi upande mmoja. Skrini ya simu iliyoshikwa na mgeni inaweza kuwa nyeusi tititi kwenye video. Upinde wa mvua, ambao mwanga wake una polaraizesheni kali, unaweza kufifia vibaya ukiwa umeshika kamera upande usiofaa. Na ukifunga filta yako ya polaraiza mbele, uwezekano upo wa mbili hizo kupingana na picha kuzama gizani.

Dawa ya leo: tafuta lenzi yenye pete ya apacha isiyo na hatua, izungushe kwa mkono, na uweke maikrofoni mbali na kamera. Maikrofoni uiweke mbali hata kama hutabadilisha lenzi.

*

Mimi nafunga kamera za ulinzi. Vibati vinavyofunguka na kufunga usiku na mchana, mwaka mzima, mwishowe vinachoka. Kifaa kisichosogea hakichoki. Unasemaje? — Fundi mwenzako

Fundi mwenzangu, hoja ya kuchoka ni ya kweli. Lakini kamera zako usiku zinawasha taa za infraredi, miale isiyoonekana kwa macho, nyingi za nanomita 850. Karatasi ya kawaida ya polaraiza imetengenezwa kwa mwanga tunaouona. Ukifika 850 inakuwa kama haipo. Miale inapita hata polaraiza zikiwa zimekingamana. Kwa hiyo hiyo apacha ya umeme, ikiwa "imefungwa", kwa macho ya infraredi iko wazi kabisa. Usiku wataka iwe wazi, sawa. Asubuhi na mapema, kamera ikiwa bado kwenye hali ya usiku na jua linachomoza na infraredi yake, huna cha kupunguza isipokuwa shata, yaani muda wa kuruhusu mwanga kuingia.

Pili, joto na baridi. Kamera yako inakaa juu ya nguzo. Fuwele zikipata baridi kali zinakuwa nzito na mvivu. Zikipata joto kupita kikomo chake zinapoteza mpangilio, hazigeuzi tena mwanga. Umewahi kuona skrini iliyoachwa juani ikapiga weusi, kisha ikarudi ilipopoa? Fikiria hiyo ikiwa katikati ya lenzi.

Chuma nacho kina kikomo, tusidanganyane. Baada ya kupatwa kwa jua kule Marekani mwezi wa Agosti 2017, picha zilionyeshwa za lenzi za kukodi zilizorudishwa vibati vyake vimeungua, kwa sababu waliozitumia walielekeza lenzi juani bila filta ya mbele. Lakini hilo ni jua lililokusanywa na lenzi kubwa ya masafa marefu, si siku ya kawaida kazini.

*

Na vile vioo vya ndege vinavyobadilika rangi? Havina polaraiza. — Abiria

Unasema madirisha ya Boeing 787, ndege iliyoanza kubeba abiria mwaka 2011. Ni kweli, hayo hayatumii polaraiza. Ni kemikali inayobadilika rangi umeme ukipita, kwa hiyo nusu ya mwanga haipotei. Kaa hapo dirishani ubonyeze kitufe, kisha hesabu sekunde. Kipande kidogo cha ukubwa wa apacha kingekuwa na kasi zaidi, lakini bado huwezi kukilinganisha na vibati vinavyofunga ndani ya sehemu ndogo ya sekunde kabla shata haijafunguka, tena mara kumi kwa sekunde ukishikilia kitufe. Na rangi yake huegemea bluu, jambo ambalo abiria hajali ila mpiga picha wa bidhaa atalilia.

*

Simu yangu haina vibati na picha zinatoka safi. Tuache ushamba. — Kijana wa simu

Simu yako haina vibati, na haina mbadala wake pia. Tundu lake limekwama mahali pamoja, mwanga unarekebishwa kwa shata na ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga), na ule ukungu wa nyuma unachorwa na programu. Programu inakisia nini kiko karibu na nini kiko mbali. Jaribu nywele zilizotimka, au glasi ya maji mkononi: itafifisha nyuma ya mtu na kusahau kile kinachoonekana kupitia glasi.

Udhaifu mkubwa uko upande wa pili ambao watu hawautaji. Kufifisha kilicho kikali ni rahisi kuliko kukipa ukali kilichofifia. Sensa za simu zimekua, na ukipiga picha ya ukurasa wa kitabu kwa karibu, katikati panasomeka na kingo zimeyeyuka. Hapo ungehitaji f/4. Ndiyo maana vibati vinarudi: Samsung waliweka tundu la hatua mbili, f/1.5 na f/2.4, kwenye Galaxy S9 ya 2018, wakaliacha baadaye. Kisha Huawei Mate 50 Pro ya 2022 ikaja na vibati halisi kutoka f/1.4 hadi f/4. Wahandisi wa simu wanapigania kila sehemu ya milimita, na bado walivipatia nafasi. Mimi hilo linanitosha.

*

Fundi, nina lenzi ya Canon EF, nataka kuigeuza nyuma mbele kwa picha za wadudu. Ikitoka kwenye kamera apacha inabaki wazi. Nifanyeje? — Mpenda wadudu

Hii ni ndugu wa mada yetu: vibati vipo, ila tangu mfumo wa EF ulipotoka mwaka 1987 vinaamriwa kwa umeme tu, hakuna kiunzi cha kusukuma kwa mkono. Bila umeme havijui la kufanya, vinabaki vilipo. Na hapo ndipo pa kupenyea. Funga lenzi kwenye kamera kama kawaida, weka f/8 au f/11, bonyeza na ushikilie kitufe cha kuonyesha kina cha fokasi, na ukiwa bado umekishikilia, zungusha lenzi uitoe. Vibati vitabaki pale pale ulipoviweka. Tazama kwa nyuma uhakikishe tundu limekuwa dogo, ndipo ugeuze. Ukitaka stopu nyingine itabidi uirudishe kwenye kamera na kuanza upya, na kila mara unapoitoa elekeza mdomo wa kamera chini ili vumbi lisiingie.